MAGONJWA YA SIRI YA NG'OMBE WA MAZIWA, NA NJIA ZA KUYATAMBUA

Funzo kwa wafugaji na kwa wasaidizi wa mifugo

1. Maneno ya kwanza

Magonjwa ya ng'ombe ni ya namna mbili: yako yajayo mbio, na yako yajayo kwa kunyata. Ugonjwa ujao mbio hauhitaji mwalimu wa kuuonyesha. Ng'ombe aliyekula vema jioni huonekana asubuhi ameinamisha kichwa, pua imekauka na maziwa yamekatika, na kila mtu nyumbani ajua kwamba pana msiba. Sotoka ilikuwa ya namna hiyo. Katika miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, na watu walioishi kwa mifugo wakapatwa na njaa kuu. Lakini kwa kuwa ilijionyesha wazi, na kwa kuwa ilipatikana chanjo njema iliyotengenezwa Muguga, nchi ya Kenya, watu waliifuatia nchi baada ya nchi, hata mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani.

Ugonjwa ujao kwa kunyata ni adui wa namna nyingine. Huweza kuingia katika mwili wa ndama, ukakaa humo kimya miaka miwili au mitano. Ng'ombe hula, hushika mimba, huzaa, hutoa maziwa, na bwana wake humsifu mbele ya wageni. Wakati huohuo vijidudu vya maradhi hutoka katika pumzi yake, au maziwa yake, au kinyesi chake, vikaingia katika ng'ombe wa pili na wa tatu, na pengine katika mtoto anywaye maziwa hayo. Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Neno hilo lafaa sana kwa mambo tutakayoeleza.

Katika karatasi hii tutatazama magonjwa matatu ya siri: kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa wa kutupa mimba uitwao brusela, na ugonjwa wa Johne. Nia yetu si kumfanya kila mfugaji awe daktari. Nia yetu ni ajue dalili za kumtia shaka, ajue daktari wa mifugo hupimaje, na ajue lililompasa kutenda majibu yakiisha kuja.

2. Kwa nini macho peke yake hayatoshi

Mfugaji hodari humjua ng'ombe wake kwa macho, na jambo hilo ni jema. Lakini katika magonjwa haya dalili huchelewa. Dalili zionekanapo, ng'ombe amekwisha kueneza maradhi kwa muda mrefu. Anayengoja mpaka amwone ng'ombe amekonda ndipo aite mpimaji ni kama mtu angojaye moto ufike darini ndipo atafute maji.

Tena dalili hudanganya. Ng'ombe hukonda kwa njaa, kwa minyoo, kwa kupe, na kwa uzee. Hukohoa kwa vumbi na kwa minyoo ya mapafu. Hutupa mimba kwa kupigwa, kwa kuanguka, na kwa magonjwa mengine kadha wa kadha. Basi dalili ni kama mbwa abwekaye usiku: hatuambii ni nani aliyekuja, bali hutuambia tuamke tukatazame. Kutazama huko ndiko kupima.

3. Kifua kikuu cha ng'ombe

Kijidudu cha kifua kikuu kilijulishwa na Robert Koch huko Berlin mwaka 1882. Mwaka 1890 alitengeneza tuberkulini, akitumaini kwamba itakuwa dawa ya kuponya. Haikuponya, lakini ilionekana kwamba yafaa sana kwa kumtambua ng'ombe mgonjwa. Mwaka 1901, katika mkutano wa London, Koch alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa wanadamu. Serikali ya Uingereza iliwaweka wataalamu walichunguze neno hilo, nao walipotoa taarifa yao ya mwisho mwaka 1911 ilikuwa imethibitika kwamba binadamu, na hasa watoto, huupata ugonjwa huu kwa maziwa mabichi. Katika nchi zetu pia wachunguzi wamekiona kijidudu cha ng'ombe katika tezi zilizovimba shingoni mwa watu, huko Tanzania.

Njia za kuambukizwa. Ng'ombe humwambukiza mwenziwe hasa kwa pumzi na kikohozi, walalapo pamoja katika banda lisilo na hewa, au wanywapo katika hori moja. Ndama huambukizwa kwa maziwa ya mama mgonjwa. Kwa hiyo mfugaji afungiaye ng'ombe bandani na kuwaletea majani asijidai kwamba yu salama kwa kuwa ng'ombe wake hawatoki nje. Mgonjwa mmoja akiingia bandani humo, wenziwe huvuta pumzi yake usiku na mchana.

Dalili za kutia shaka ni hizi:
(a) Kikohozi chepesi cha mara kwa mara, hasa asubuhi kwenye baridi, au ng'ombe akiharakishwa.
(b) Kukonda polepole ingawa chakula kipo.
(c) Tezi kuvimba kooni, au mbele ya bega.
(d) Tumbo kujaa gesi mara kwa mara pasipo sababu ya chakula, kwa kuwa tezi zilizovimba kifuani huweza kubana umio.
(e) Sehemu ya kiwele kuwa ngumu pasipo joto wala maumivu.

Lakini kumbuka tena: wengi walio wagonjwa hawana hata moja ya dalili hizi. Kwa sababu hiyo twahitaji sindano.

4. Sindano ya tuberkulini

Tuberkulini hutolewa katika vijidudu vilivyokuzwa maabara na kisha kuuawa. Haina kijidudu kilicho hai. Twasema haya kwa mkazo, kwa kuwa wako watu wanenao kwamba sindano ndiyo imtiayo ng'ombe ugonjwa. Sivyo. Sindano haimtii ng'ombe kitu asichokuwa nacho, huuliza mwili wake tu, "Je, wamjua adui huyu?" Mwili uliokwisha kupigana na kijidudu hicho hujibu kwa kuvimba mahali palipochomwa. Mwili usiokijua hukaa kimya.

Kazi hufanywa hivi. Ng'ombe hubanwa mahali pembamba asipate kujitupa. Mpimaji hunyoa nywele mahali pawili katikati ya shingo, upande mmoja, pamoja juu na pamoja chini. Hukunja ngozi ya kila mahali na kuipima unene kwa chombo chake, akaandika milimita. Kisha hutia ndani ya ngozi, si chini yake, mililita 0.1 ya tuberkulini: juu hutia ile itokanayo na kijidudu cha ndege, na chini ile itokanayo na kijidudu cha ng'ombe. Baada ya saa 72, yaani siku tatu, hurudi akapima tena ngozi palepale.

Pengine utauliza, ya nini tuberkulini ya ndege? Katika udongo, majini, na kwa kuku mna vijidudu vilivyo ndugu na kijidudu cha kifua kikuu, ambavyo huweza kumgusa ng'ombe bila kumletea ugonjwa huo. Ng'ombe wa namna hii huweza kuvimba kidogo akichomwa, akahukumiwa bure. Basi tuberkulini ya ndege huwekwa kama shahidi wa pili, ili hukumu iwe ya haki.

Tazama mifano hii mitatu. Kila ng'ombe alikuwa na ngozi ya milimita 7 mahali pote pawili kabla ya kuchomwa.

Ng'ombe wa kwanza: baada ya siku tatu, juu ni milimita 9, chini ni 15. Juu imeongezeka 2, chini 8. Chini imezidi kwa 6. Kwa kuwa yapita 4, ng'ombe huyu ahesabiwa kuwa ana kifua kikuu.

Ng'ombe wa pili: juu ni 13, chini ni 11. Juu imeongezeka 6, chini 4. Shahidi wa ndege amezidi. Ng'ombe huyu hahesabiwi kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe.

Ng'ombe wa tatu: juu ni 8, chini ni 11. Juu imeongezeka 1, chini 4. Chini imezidi kwa 3 tu. Huyu ni wa shaka. Hutengwa, akapimwa tena baada ya siku zisizopungua 42. Na nchi nyingine hungoja siku 60. Haifai kurudia upesi, kwa maana mwili uliochomwa juzi huchoka kujibu.

Kazi ya mfugaji katika siku hizo tatu ni nyepesi lakini ni ya lazima. Asipake dawa mahali palipochomwa, asipasugue, wala asipakande. Asimuuze ng'ombe wala asimpeleke mbali. Na siku ya tatu asiende safari, bali awafunge ng'ombe wote tayari. Kuchoma bila kurudi kusoma ni sawa na kupanda mahindi usiyavune.

5. Sindano nayo huweza kukosea

Hakuna kipimo kisichokosea, na mfugaji ayajue haya ili asije akalala usingizi wa uongo.

Kwanza, ng'ombe aliyeambukizwa siku chache zilizopita bado mwili wake haujajifunza kujibu. Kwa hiyo kupimwa mara moja hakutoshi. Pili, ng'ombe aliyezaa karibuni huweza asijibu vema. Mwambie mpimaji tarehe ya kuzaa. Tatu, na hili ni la kustaajabisha, ng'ombe ambaye ugonjwa umemjaa mwili mzima huweza asijibu kabisa, kwa kuwa mwili umeshindwa. Huyo ndiye wa hatari kuliko wote. Kwa hiyo ng'ombe aliyekonda na kukohoa asiachwe kwa sababu tu ngozi yake haikuvimba. Daktari na amtazame kwa dalili zake na kwa vipimo vingine. Siku hizi kiko pia kipimo cha damu kisomacho jibu la mwili dhidi ya kijidudu, ambacho hutumika pamoja na sindano katika nchi zenye maabara ya kukifanya.

Mkaguzi wa nyama naye ni jicho letu. Akikuta machinjoni vinundu vya rangi ya manjano, kama jibini iliyokauka, katika tezi au mapafu, sharti itafutwe habari ya zizi alikotoka ng'ombe yule, na wenziwe wapimwe.

6. Ugonjwa wa kutupa mimba

Mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmark alitangaza kijidudu kinachowafanya ng'ombe watupe mimba. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1887, David Bruce alikuwa amekiona huko Malta kijidudu cha homa iliyowasumbua askari. Na mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kwamba homa hiyo ya Malta ilitoka katika maziwa ya mbuzi. Baadaye ilijulikana kwamba vijidudu hivyo viwili ni vya ukoo mmoja, nao ukaitwa brusela kwa jina la Bruce.

Dalili kubwa ni mimba kutoka baada ya mwezi wa tano. Kondo la nyuma huweza kubaki tumboni, na ng'ombe huchelewa kushika mimba tena. Fahali huvimba korodani. Na katika ng'ombe waliokaa na ugonjwa siku nyingi huonekana uvimbe wenye maji mbele ya magoti. Ukiwaona wawili watatu wenye uvimbe huo katika kundi moja, shuku brusela.

Jambo liwadanganyalo wafugaji wengi ni hili: ng'ombe mgonjwa hutupa mimba mara moja kwa kawaida, na mwaka wa pili huzaa ndama mzima. Bwana wake hushangilia na kusema, "Amepona." Hakupona. Kila azaapo, vijidudu humwagika pamoja na maji ya uzazi na kondo, na kati ya kuzaa na kuzaa huendelea kutoka katika maziwa. Hata ndama jike wake huweza kukua akiwa na kijidudu kilichojificha, kisionekane katika damu mpaka azae mara ya kwanza. Basi kumnunua mtamba mzuri kutoka zizi lisilopimwa ni kununua siri.

7. Pete ya maziwa, na tone la damu

Kwa ugonjwa huu vipo vipimo viwili vyepesi.

Cha kwanza ni pete ya maziwa. Mpimaji hutwaa maziwa kidogo, yapata mililita moja, katika kichupa chembamba, akatia tone la vijidudu vya brusela vilivyokwisha kuuawa na kutiwa rangi ya samawati. Huviweka katika joto la digrii 37 kwa muda wa saa moja. Kama katika maziwa zimo kinga ambazo mwili huzitoa dhidi ya brusela, hizo huvishika vile vijidudu vya rangi na kuvifunga pamoja na chembe za mafuta. Mafuta yapandapo, huvichukua juu. Nasi huona pete ya samawati juu, na maziwa meupe chini. Kama kinga hazimo, malai hukaa meupe juu, na maziwa ya chini hubaki na rangi.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba maziwa ya kundi zima huweza kupimwa pamoja katika ndoo moja. Chama cha maziwa chaweza kuzipima ndoo za wanachama mahali pa kupokelea, kisha kufuatilia mazizi yenye pete peke yake. Ubaya wake ni kwamba hudanganywa na dang'a, na maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka, na maziwa ya kiwele chenye ugonjwa. Kwa hiyo ndoo yenye pete haihukumu ng'ombe yeyote. Hutuambia tu twende zizini tukapime damu ya kila mmoja.

Cha pili ni kipimo cha damu kwa dawa nyekundu iitwayo Rozi Bengali. Damu huachwa igande. Maji yake ya juu hutwaliwa tone moja, yakachanganywa na tone la dawa juu ya kigae cheupe, na kutikiswa taratibu kwa dakika nne. Yakifanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika, ng'ombe ni wa kushukiwa, na damu yake hupelekwa maabara kuthibitishwa kwa vipimo vingine, kama vile Kabete kwa watu wa Kenya au Temeke kwa watu wa Tanzania.

Mweleze mpimaji kama ng'ombe alichanjwa. Mitamba huchanjwa kwa chanjo iitwayo S19 wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8, na chanjo hiyo ikitolewa kwa ng'ombe aliyekwisha kukua huacha alama katika damu kwa muda mrefu, hata aliye mzima akaonekana mgonjwa. Cheti cha chanjo ni mali, kihifadhi.

8. Ugonjwa wa Johne

Ugonjwa huu ulielezwa na Heinrich Johne na mwenziwe Frothingham huko Dresden mwaka 1895. Ndama huambukizwa mapema kwa kumeza kinyesi kilichochafua chuchu, maji au majani, lakini ugonjwa hujionyesha miaka miwili au zaidi baadaye. Dalili yake ni ng'ombe mwenye hamu ya chakula lakini anakonda, anahara maji bila homa, kuhara kunakopoa na kurudi. Na mwishowe uvimbe laini huning'inia chini ya taya. Dawa za minyoo hazimsaidii. Dawa ya kuuponya haipo.

Maabara huupima kwa kutazama kinyesi katika hadubini, kwa kupima damu au maziwa, au kwa kuotesha kijidudu, kazi ichukuayo wiki nyingi. Vipimo hivi huwakosa wengi walio katika mwanzo wa ugonjwa. Kwa hiyo ulinzi mkubwa ni usafi wa ndama: azaliwe mahali pakavu na safi, atengwe na kinyesi cha ng'ombe wakubwa, na asinyweshwe maziwa ya ng'ombe anayeharisha.

9. Daftari la zizi

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni daftari na kalamu. Mpe kila ng'ombe jina au namba, na ukurasa wake. Andika tarehe ya kuzaliwa na alikotoka. Tarehe ya kupandwa, na fahali aliyempanda. Tarehe ya kuzaa au ya kutupa mimba, na mwezi wa mimba hiyo. Maziwa ya asubuhi na jioni. Kikohozi, kuhara, na dawa alizopewa. Chanjo na vipimo. Kila mwezi mzungushe kamba ya kupimia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ukaandike.

Jicho huzoea. Ng'ombe akipungua kidogo kidogo kila mwezi, wewe umwonaye kila siku huwezi kuona. Daftari halizoei. Litakuonyesha kwamba mwezi wa tatu kifua kilikuwa sentimita 170, na mwezi wa nane 162, na maziwa yameshuka kutoka lita 9 hadi 6, ingawa majani ni yaleyale. Hapo ndipo pa kumwita daktari. Naye akija, daftari litamwambia katika dakika kumi yale ambayo wewe ungeyasahau.

10. Kununua ng'ombe

Maradhi haya huingia katika zizi safi hasa kwa mlango wa kununua. Kabla ya kutoa fedha, uliza: Kwa nini anauzwa? Amezaa mara ngapi, na kuna mimba iliyotoka? Amepimwa lini, na cheti ki wapi? Mwuzaji akikwepa maswali hayo, shika njia yako. Ukimnunua, mtenge na wengine, mpe chombo chake cha maji, apimwe damu na sindano, na asichanganywe mpaka majibu yaje, wala mwenye shaka asichanganywe mpaka arudiwe. Tahadhari pia na fahali wa kuazimana. Kama kijiji kina fahali mmoja, na apimwe kila mwaka kwa fedha za wote. Hali kadhalika majirani wakikubaliana siku moja ya kupima, gharama ya safari ya mpimaji hugawanyika.

11. Ng'ombe akionekana kuwa mgonjwa

Hapa ndipo penye mtihani wa moyo. Pengine mgonjwa ndiye ng'ombe aliye bora kuliko wote zizini, naye ndiye alipaye karo ya watoto. Ukimtazama amenona, huamini. Shauri la kwanza litakalokujia ni kumpeleka mnadani kwa watu wasiokujua. Usifanye hivyo. Atakayemnunua naye ana watoto. Na huyo ng'ombe atapandwa na fahali ambaye kesho atarudi kwa mitamba yako. "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Wala usijaribu kumponya kwa sindano za dukani. Kifua kikuu na brusela havitibiwi hivyo katika ng'ombe. Utapoteza fedha, utatia dawa katika maziwa, na mgonjwa ataendelea kueneza.

Litende hili. Toa habari katika ofisi ya mifugo ya wilaya, ukaulize pia sheria na msaada uliopo. Mtenge siku hiyohiyo. Mkamue wa mwisho, na unawe mikono. Daktari akiagiza achinjwe, achinjwe mbele ya mkaguzi wa nyama, naye ataamua ni kipi kiliwe na kipi kiteketezwe. Wenziwe wote wapimwe, na kurudiwa, mpaka majibu yawe safi mara mbili mfululizo.

Wala usidhani kwamba ukoo wake umepotea. Bang huyohuyo wa Denmark, tangu mwaka 1892, alifundisha njia ambayo yafaa hata leo kwa kifua kikuu: ndama wa mama mgonjwa huzaliwa mzima mara nyingi, kwa hiyo huondolewa mara azaliwapo, akalelewa mbali kwa maziwa ya ng'ombe mzima au maziwa yaliyochemshwa, kisha akapimwa. Njia hii hutaka daktari akubali mama aachwe mpaka azae, na hutaka nafasi mbili zilizo mbali kweli. Kwa brusela haitoshi, kwa sababu ya siri ile ya ndama jike tuliyoitaja.

12. Watu wa nyumbani

Maziwa yote yachemshwe mpaka yafure, ijapokuwa ng'ombe amepimwa. Kiwandani maziwa hupashwa joto la digrii 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani kuchemsha kwatosha. Wapendao maziwa ya mgando wayachemshe kwanza, yapoe, kisha wayagandishe; uchachu peke yake si wa kutegemewa kuua vijidudu hivi. Damu mbichi isinywewe.

Usishike kondo wala mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Vaa mipira, au hata mifuko ya plastiki isiyotoboka, uvichome au uvizike kwenda chini sana, mbwa wasifukue. Lakini kwanza mwite daktari achukue sehemu ya kupima.

Mtu wa nyumbani akipatwa na homa ipandayo na kushuka, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo, na dawa za malaria zisimsaidie, aende hospitali akaseme, "Sisi twafuga ng'ombe." Maneno hayo matatu yaweza kumwongoza mganga apime brusela, ambayo hutibika kwa dawa zinywewazo kwa wiki sita au zaidi. Vilevile mwenye tezi shingoni au kikohozi cha wiki mbili aseme hivyohivyo, kwa maana kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe hakidhuriki na pirazinamide, mojawapo ya dawa kubwa za ugonjwa huo, na mganga apaswa kujua. Na mkamuaji mwenye kifua kikuu asikamue mpaka mganga amruhusu.

13. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ng'ombe mwenye afya ya macho aweza kuwa hatari kuliko aliyekonda?
2. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa milimita 6 juu na chini. Baada ya saa 72 juu ni 8, na chini ni 13. Hukumu yake ni nini?
3. Kwa nini ng'ombe aliyetupa mimba mwaka jana na kuzaa salama mwaka huu asihesabiwe kuwa amepona?
4. Ndoo ya chama imeonyesha pete ya samawati. Hatua ya pili ni ipi, na kwa nini usimhukumu ng'ombe yeyote bado?
5. Taja mambo sita ya kuandika katika daftari la zizi.
6. Jirani yako anataka kumuuza ng'ombe aliyevimba kwa sindano. Utamshauri nini, ili yeye, na mnunuzi, na watoto wa wote wawili wapone?

Swali la mwisho lisomeni pamoja barazani, mlijibu kwa sauti, kwa maana ndilo litakalowajia kwanza siku mpimaji atakapofika kijijini.